Umbali wa Bipu ya Mama

Mama hapigi simu, anabipu. Simu inalia mara moja mfukoni, inakata, nami najua natakiwa nyumbani. Haijalishi nimeshika nini. Kama nimechuchumaa mbele ya mlango wa zamani nasubiri paka apite kwenye mwanga, namwacha paka, nauacha na mlango, nageuka. Tangu kiharusi kimpate, mguu wake wa kushoto haumtii, na nikichelewa anainuka mwenyewe. Siku moja nilichelewa kwa ajili ya jua lililokuwa likishuka kwenye ngazi za nyuma ya soko. Nikamkuta amekaa sakafuni kati ya kitanda na kabati. Hakuwa ameumia. Alikuwa analitukana kabati kwa Kihehe, tusi juu ya tusi, kama vile lilimsukuma kwa makusudi.

Toka siku hiyo nikaujua mpaka wangu. Naweza kwenda hadi pale ambapo, nikibipiwa, nitarudi kabla hajashika ukingo wa kitanda. Nyumba yetu iko Kitanzini, katikati ya Iringa ya zamani, kwa hiyo sokoni nafika. Nafika Uhindini, kwenye zile nyumba zenye baraza ndefu na madirisha ya mbao, na uchochoro wa nyuma ya msikiti nafika. Kona ya fundi cherehani ndiyo mwisho. Kupita hapo mji unafunguka, na juu kabisa unaliona jiwe la Gangilonga. Jiwe hilo naliona kila siku. Sijalipanda tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Watu wakiona picha zangu husema napenda mitaa iliyotulia. Wanasema nina jicho la subira. Ni kweli nimelipiga dirisha moja la kijani asubuhi na jioni, likiwa limelowa, likiwa na vumbi, likiwa wazi, likiwa limefungwa, mpaka najua ubao gani utaanguka kwanza. Lakini hiyo si subira. Ng'ombe aliyefungwa kamba naye hula majani yaleyale mpaka ardhi inabaki nyeupe, na hakuna anayemsifu kwa subira.

Mimi kwa asili si mtu wa kukaa. Nilipomaliza kidato cha nne nilishika kamera ya kuazima kwenye harusi ya jirani, na tangu hapo sikulala sehemu moja kwa muda mrefu. Nilikwenda Mbeya, nikapanga chumba cha uani Mwanjelwa, na chumba hicho kikawa mahali pa kuwekea godoro na picha. Mwenyewe nilikuwa njiani. Nilikaa Chunya misimu kadhaa nikipiga picha za wachimbaji wadogo. Walikuwa wanatoka mashimoni weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, na walitaka wapigwe hivyohivyo, bila kunawa, ili nyumbani waone kuwa mtu yuko kazini. Nikichoka na vumbi la Chunya narudi Mwanjelwa. Nafungua kufuli, nalala, asubuhi nasukuma mlango naona mlima Loleza umefunikwa na ukungu nusu, nafunga kufuli, naondoka tena.

Kisha baba akafa. Nikaja Iringa na begi moja.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la koti, kwa sababu bila koti hakuna atakayeelewa kwa nini bado nipo.

Katika ukoo wetu, siku ya kuanua matanga nguo za marehemu hugawanywa. Mashati na suruali wanapewa wajomba na wapwa, viatu anapewa atakayeviweza. Lakini koti halitolewi. Koti linatundikwa kwenye kiti chake, na atakayekaa na nyumba ndiye atakayelivaa, mbele ya watu. Akishalivaa, maneno yamekwisha. Haliandikwi jambo, haligombewi. Naambiwa koo nyingine zina mkuki au mundu. Sisi Iringa hii ya baridi tuna koti.

Nilikuwa naijua habari hiyo kama mtu anavyojua hadithi za utotoni, bila kuamini kuwa itamfika. Baba alipolivaa koti la babu mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni.

Asubuhi ya kikao ilinyesha, kisha mvua ikakatika ghafla na kuta za Uhindini zikabaki zinang'aa. Wazee walikuwa bado wanakunywa chai. Nikajisemea, hawa mpaka waanze salamu, waombe, wamkumbuke marehemu, mimi nitakuwa nimerudi. Nikachukua kamera nikatoka. Manyunyu yakanikuta nyuma ya msikiti. Nilipiga picha ya mzee mmoja anafagia maji barazani, hadi leo ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga katika mji huu, nikarudi nikiwa nimelowa mpaka fulana, meno yanagongana.

Nikaingia sebuleni. Watu wamejaa, wamenyamaza. Nikadhani wanaomba. Pale mbele kuna kiti cha baba na koti lake refu jeusi limetundikwa. Baridi ilikuwa imenishika hata akili. Nikafanya nililokuwa nafanya kila nilipokuja likizo nikiwa kijana: nikalichukua koti la baba nikalivaa.

Vigelegele vililipuka vikanishtua. Shangazi zangu walikuwa wamesimama, mmoja ananipepea na khanga usoni. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyeongoza kikao, alikuja akanishika mabega kwa mikono miwili.

"Umetupunguzia kazi, mwanangu," akasema. "Tulikuwa tumekaa hapa tangu asubuhi kila mmoja anamtazama mwenzake."

"Baba mdogo, mimi nimesikia baridi tu."

"Ndiyo. Hata marehemu alianza na baridi."

Watu wakacheka. Nikamtafuta kaka yangu kwa macho. Kaka ndiye mkubwa, ana biashara ya mchele Mbeya, ana mke, ana sauti. Alikuwa amekaa karibu kabisa na mlango, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni.

"Kaka, hili koti lako," nikamwambia.

"Lingekuwa langu lingenisubiri," akajibu. "Asiyekuwepo na lake halipo, lakini wewe ulikuwa haupo na bado ukalipata. Una bahati, dogo."

Hivyo ndivyo nilivyobaki.

Mwanzoni nilijihesabu mgeni. Nilikuwa na sababu: chumba cha Mwanjelwa kilikuwa bado changu. Kodi nilikuwa natuma, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa ndani wa koti la baba, upande wa moyo. Nikiwa Uhindini nasubiri mtu atokee kwenye mlango, mkono wangu ulikuwa unauchezea ufunguo bila mimi kujua. Maadamu kuna kufuli linalofunguliwa na ufunguo huu, nilikuwa najiambia, mimi ni mtu wa Mbeya aliyekuja kumwangalia mama yake. Mama atapata nafuu. Au kaka atamleta dada wa kazi wa kukaa naye. Nitafungua mlango wangu, nitauona Loleza.

Kwa koti lile nilipata taabu nyingine ambayo sikuitarajia. Mpiga picha wa mitaani anatakiwa asionekane. Mimi nilikuwa naonekana kuanzia mbali. Wazee wa sokoni walikuwa wakiniona wanasimama, wanavua kofia, halafu wanakumbuka kuwa mwenye koti ameshazikwa. "Kamwene," wananiamkia kwa sauti waliyokuwa wakimwamkia baba, na mimi najibu "kamwene," na picha niliyokuwa naivizia imekwisha. Mtu hawezi kuvizia akiwa ndani ya mtu mwingine.

Nikalipeleka kwa fundi wa kwenye kona. Huyu ni mzee Mwislamu, babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, na Kiswahili chake bado kina maji ya huko. Cherehani yake iko barazani miaka yote. Baraza hilo nimelipiga picha mara nyingi, na kila mara ananiuliza swali lilelile.

"Bwana mpiga picha, ukishamaliza kuzipiga nyumba zetu, lini wanakuja wenye rangi nyekundu kutuchorea alama ya kubomoa?"

"Mzee wangu, mimi si wa serikali."

"Wote husema hivyo. Wabomoaji wangekuja na ngoma?"

Siku hiyo nilimwambia anifupishie koti lifike kiunoni, aweke na mfuko wa kamera. Alilichukua, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye bitana.

"Bitana hii nimetia mimi," akasema. "Baba yako alikaa hapo ulipokaa, akasema nimshonee na mfuko mmoja wa ndani. Nikamuuliza wa nini, akasema wa kuwekea vitu vya safari."

"Safari gani? Baba hakuwa anasafiri."

"Ndivyo nilivyomwambia na mimi." Akalikunja koti akanirudishia. "Silikati. Mkasi wangu haujafika huko. Ukitaka kulikata nenda kwa vijana wa stendi, wao hawamjui mtu."

Sikwenda. Stendi iko nje ya bipu.

Mwaka huu, Juni, baridi imeingia vibaya, kaka akanipigia simu. Nyuma yake nilisikia injini na watu wanauza mahindi.

"Tuko Nyololo, tunakula. Tafuta mtu wa kusaidia kushusha."

"Kushusha nini?"

"We tafuta mtu, dogo. Mbona una maswali kama polisi?"

Jioni Canter ya mchele ikasimama mbele ya nyumba yetu. Kaka akateremka akiwa na shati la mikono mifupi, maana Mbeya alipanda gari kuna jua. Juu ya magunia nililiona godoro langu. Halafu jiko langu la gesi. Beseni, kiti cha plastiki, viatu vyangu vya Chunya vilivyopasuka, boksi la picha limefungwa kwa kamba ya katani.

"Vyote vipo," kaka akasema, anajifuta mikono. "Mwenye nyumba alinipigia, anataka kumweka mwanawe. Nikaona isiwe tabu, nikakutolea."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Una nyumba nzima Iringa, unapanga chumba Mbeya cha nini, cha kufugia kuku?"

"Ufunguo ninao mimi. Mliingiaje?"

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kufuli langu. Lilikuwa limekatwa shingo. Akaniwekea kiganjani kama mtu anayerudisha chenji.

Nililishika kufuli lile muda mrefu. Watu walikuwa wanashusha godoro. Sikuweza kukasirika kwa sauti, kwa sababu mama alikuwa dirishani anafurahi. Mwanawe mkubwa amekuja, na vitu vya mwanawe mdogo vimekuja nyumbani. Nikaliweka kufuli kwenye mfuko wa ndani wa koti pamoja na ufunguo. Vilianza kugongana kila nilipotembea.

Usiku kaka aliomba kwenda uani. Choo chetu kiko nje, na nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Alikuwa anatetemeka mpaka kikombe kinalia kwenye kisahani.

"Mpe mwenzio koti," mama akaniambia.

Nikalivua. Nilivua haraka kuliko nilivyotaka ionekane. Nikamnyooshea.

Kaka alirudi nyuma hatua nzima, kama nimemnyooshea nyoka. "Hapana! Hapana, mama. Mimi baridi naipenda."

"Ni kwenda uani na kurudi tu," nikamwambia.

"Hata wewe ulikuwa umetoka tu kwenye mvua." Akavuta shuka la kitandani akajifunga kichwani mpaka miguuni, akatoka nalo, na tukamsikia nje anapiga chafya huku anakimbia. Mama alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka. Halafu nikalivaa tena, kwa sababu na mimi nilikuwa nasikia baridi.

Alfajiri Canter iliondoka na kaka.

Siku hiyo mama alitaka aone kilichomo kwenye boksi. Nilimtoa nje barazani, nikamkalisha juani, nikakata kamba. Nilikuwa sijaziona picha zile tangu msiba. Akazishika moja moja kwa mkono wa kulia, anazisogeza mbali na macho.

"Huyu kapakwa unga?"

"Vumbi la mgodi. Ni Chunya hapo."

"Na huku?"

"Njia ya Tunduma, asubuhi."

"Huku?"

Alikuwa anauliza kila moja, nami nilikuwa namtajia mahali. Sauti yangu ilibadilika, naona, kwa sababu alianza kunitazama mimi badala ya picha. Picha zilipokwisha akasema nimwonyeshe na za sasa. Nikawasha kamera, nikawa namsogezea. Dirisha la kijani. Baraza la fundi. Ngazi za soko. Dirisha la kijani. Mzee anafagia maji. Dirisha la kijani.

"Mbona zote za hapahapa?" akauliza. "Kule kwenye jiwe huendi? Mtoni huendi? Zamani ulikuwa unatoroka shule unakwenda mtoni."

"Mama, ukibipu?"

Aliitazama simu yake ndogo iliyokuwa mapajani, akaigeuza uso chini. Sikuwa nimekusudia kumuumiza. Nilijibu kama mtu anayeulizwa saa. Kumbe muda wote huo alidhani naitikia kwa haraka kwa sababu siko mbali, na siko mbali kwa sababu sitaki kuwa mbali.

Wingu lilipita likafunika jua. "Nimesikia baridi," akasema. "Lete hilo koti."

"Nikuletee blanketi?"

"Nimesema blanketi?"

Nikalivua. Nilidhani nitamwekea mabegani, lakini alinizuia kwa kiganja. Alianza na mkono wa kulia. Wa kushoto ulimtesa, uliganda kwenye bitana, nikataka kumsaidia akanikazia macho mpaka nikarudi nyuma. Ukaingia. Kisha akafunga vifungo, vyote kwa mkono mmoja, taratibu, hadi cha juu kabisa. Ndani ya koti lile alikuwa mdogo sana. Ufunguo na kufuli vikagongana kifuani pake.

"Siku ya kikao chenu nilikuwa chumbani," akasema. "Nasumbuliwa na shangazi zenu, kunywa uji, lala, kunywa uji. Hakuna aliyeniuliza nani atakaa na nyumba. Tofali za nyumba hii nilifyatua mimi, baba yako alikuwa anachota maji. Sasa nimelivaa. Kuna mtu wa kupiga vigelegele hapa?"

Barabarani kulikuwa na mbuzi tu.

"Basi hayupo. Nyumba nakaa nayo mimi. Mjane wa nyumba ya pili atakuwa analala hapa, tumeshaongea. Wewe nenda."

"Niende wapi, mama?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye miguu si wewe?"

Niliondoka kesho yake. Nilichukua begi lilelile. Niliposhuka kwenye bodaboda pale stendi ya mikoani, Igumbilo, sikuwa na koti, upepo ulikuwa unapita kwenye sweta kama halipo. Wapiga debe wakanivamia, mmoja akashika begi.

"Mbeya, kaka? Gari inatoka sasa hivi. Mbeya? Makambako? Njombe? Songea twende!"

Nilifungua mdomo niseme Mbeya. Neno likafika, halafu nikauona mlango wa uani Mwanjelwa, na viatu vya mtu mwingine vimepangwa nje. Miaka yote niliyosema naenda Chunya, naenda Tunduma, nilikuwa natoka mahali fulani. Tangu nibaki Iringa sikutamani hata mji mmoja; nilitamani kile chumba. Nilikuwa na ruhusa sasa, na kufuli limekatwa.

"Kaka, wapi?" kijana akaniuliza tena.

"Bado nafikiria."

Akaliachia begi langu. "Sasa kama hujui unakokwenda, sogea wanaojua wapite."

Nilisogea. Nilikaa kwenye benchi la saruji mpaka magari ya mchana yote yakaondoka, kisha nikarudi mjini.

Mama alikuwa barazani, koti limefungwa mpaka kidevuni. Aliliangalia begi, akaniangalia mimi.

"Umeshafika?"

"Nimefika."

"Ni karibu basi." Akasogea kidogo nipite mlangoni.

Koti hajanirudishia. Siku moja nililiomba, baridi ilikuwa kali, akasema kitu kikishavaliwa mbele ya watu hakivuliwi hovyo. Nikamwambia walikuwa mbuzi. Akasema hata mbuzi wana macho. Habonyezi tena simu. Akitaka kitu anamwita mjane wa nyumba ya pili kwa sauti, na mjane anafika kabla yangu. Naweza kutoka asubuhi na kurudi jioni, na hakuna atakayekaa sakafuni.

Kwa hiyo natoka na sweta, kamera shingoni. Sokoni watu hawanigeukii tena. Juzi nilipiga picha nzuri nyuma ya msikiti bila mtu kuniamkia. Nikaendelea, nikapita dirisha la kijani bila kusimama, nikaja mpaka kwenye kona. Jiwe la Gangilonga lilikuwa limepigwa na jua lote, jepesi, kama unaweza kulibeba. Nilitoa simu nikaiangalia. Chaji ilikuwepo, mtandao ulikuwepo, haikuwa imelia.

"Amekuita?" fundi akauliza, mguu ukiwa bado unakanyaga cherehani.

"Hapana."

"Sasa mbona umeshageuka?"

Nilijitazama miguu. Ilikuwa inaelekea nyumbani, na mmoja ulikuwa umeshatangulia.